Nani Mwenyeji wa Pori Hili?



Swali la mwezi huu limetoka kwa kijana mmoja wa hapa Kampene. Anaandika ya kuwa pale kwenye shimo wanapochimba maneno hayaishi. Kila mara pesa ikikosekana, ao jiwe zuri likionekana, mmoja anasimama na kusema: «Ninyi wa kuja, rudini kwenu. Pori hili ni letu tangu uumbaji.» Naye kijana anauliza: je, ni kweli kuna kabila lililokuwa hapa tangu mwanzo? Na pori lenyewe, lilikuwa hapa tangu mwanzo?

Ni swali zuri, tena si swali la mchezo. Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 1992 na 1993. Katika miji ya migodi ya Katanga, kama vile Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mingi. Wengi wao walizaliwa pale pale, na babu zao walikuja kwa kazi ya kampuni wakati wa Wabelgiji. Walilala siku nyingi kwenye gare wakingoja treni, pamoja na watoto na vyombo vyao. Neno lililowasukuma lilikuwa lile lile: ninyi wa kuja. Basi inafaa tulichunguze neno hilo vizuri.

Sitajibu kwa maneno ya siasa. Nitajibu kwa udongo, kwa kuwa ninyi wachimbaji mnajua udongo kupita mimi.

SHIMO NI KITABU

Kila mtu aliyeshuka ndani ya shimo anajua kwamba udongo haukai ovyo. Juu kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza. Chini yake kuna udongo mwekundu ao wa manjano. Kiisha unafika kwenye kokoto, zile tunaita graviye, mahali kasiterite na dhahabu vinajificha. Chini kabisa ni jiwe gumu. Kila tabaka lina sababu yake. Kokoto zililetwa na maji yenye nguvu. Udongo mweusi uliletwa na miti. Na mchanga mwembamba, mara nyingine, uliletwa na upepo.

Upande wa Angola, karibu na mpaka wa Kasai, kuna mji wa Dundo ambako watu wanachimba almasi. Ndani ya kokoto zile hawakukuta almasi tu. Walikuta hata mawe yaliyochongwa na mikono ya watu wa zamani sana: mashoka ya mawe, na ncha ndefu kama za mkuki. Mwalimu mmoja Mwingereza, J. Desmond Clark, aliyachunguza. Akaona ya kuwa katikati ya tabaka za kokoto kuna mchanga uliotembezwa na upepo. Sasa fikiri mwenyewe: upepo hauwezi kutembeza mchanga ndani ya pori zito lenye mvua. Maana yake kulikuwa nyakati za maji mengi, zikaja nyakati za ukavu, kiisha mvua ikarudi. Hivyo mara mingi.

Tutoke Kasai, tuje karibu na kwetu, inchi ya Ituri. Kusini ya Bunia, kwenye mlima Hoyo, kuna pango, jina lake Matupi. Leo ukifika pale unakuta pori. Mwaka 1974 Mbelgiji mmoja, Francis Van Noten, alichimba ndani ya pango hilo. Alikuta vijiwe vidogo vya kukatia, vingi sana, na mifupa ya wanyama walioliwa na watu. Umri wa tabaka za chini unapita miaka 40,000. Na jambo la kushangaza ni ile mifupa. Kulikuwa wanyama wengi wa mbuga ya majani, wale ambao hawakai ndani ya pori zito. Kwa hiyo watu wa Matupi, wakisimama mlangoni mwa pango lao, waliona majani mbele yao, na miti minene labda mabondeni tu, kando ya maji. Pori tunaloliona pale leo lilikuja nyuma yao.

Soma tena maneno hayo, kijana wangu. Pale Matupi, watu walitangulia. Pori ndilo mgeni.

NAMNA GANI HEWA INAGEUKA

Wengine watasema: hewa haigeuki, masika ni masika, kiangazi ni kiangazi. Basi nitawapa mfano wa mto wetu wenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo maji tunayovuka Kindu. Lakini mwaka 1876, Stanley alipopita Lukuga, alikuta mlango ule umezibwa na matope na matete, na maji hayatoki vizuri. Ziwa likaendelea kujaa. Yapata mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi kile, na ndani ya miaka 16 hivi ziwa likashuka kama metre 10. Watu waliona jambo hilo kwa macho yao. Kama miaka 16 inaweza kufanya hivyo, miaka 16,000 itafanya nini?

Leo wataalamu wanasoma matope ya chini ya maziwa, sawa ninyi mnavyosoma tabaka za shimo. Wanateremsha bomba refu, wanapandisha udongo ukiwa mzima kama mshumaa, na wanahesabu tabaka moja moja. Mwaka 2005 walifanya kazi hiyo katika Ziwa Malawi, ambalo kwenda chini linafika metre 700. Walikuta ya kuwa kati ya miaka 135,000 na miaka 75,000 iliyopita, ukavu mkali ulirudi mara kwa mara. Katika ukavu ule uliopita yote, maji yalishuka zaidi ya metre 600. Nalo Ziwa Victoria, ambalo halina kina kirefu, lilikauka kabisa yapata miaka 16,000 iliyopita. Mahali wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanatupa nyavu leo, palikuwa inchi kavu.

Sababu ni nini? Dunia inazunguka kama vile tupi ya watoto. Mmeona tupi: ikizunguka, kichwa chake kinayumba polepole. Dunia nayo inayumba, na kuyumba mara moja kunachukua miaka 20,000 na zaidi. Hata njia yake ya kulizunguka jua inabadilika kidogo kidogo. Kwa hiyo jua halipigi kila inchi kwa nguvu ile ile siku zote, na mvua inahama. Mara nyingine barafu inakua kule kaskazini. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilifunika Kanada na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini. Maji mengi ya dunia yalifungwa ndani yake, hata bahari ikashuka metre 120 hivi.

Hapa kwetu barafu ilikuwa kwenye milima mirefu tu, kama Ruwenzori, lakini ilishuka chini sana kupita leo. Mabondeni kulikuwa baridi zaidi na ukavu. Pori kubwa la Kongo likapunguka. Likabaki vipande vipande, hasa kando ya mito na miguuni mwa milima ya mashariki, mahali mvua haikukoma. Katikati ya vipande vile kulikuwa majani. Mvua iliporudi, vipande vikakutana tena na kuwa pori moja.

MWENYE TUMBO ANAFUATA CHAKULA

Sasa tufike kwa watu. Hewa ikigeuka, chakula kinahama. Chakula kikihama, mwenye tumbo anakifuata, ao anapashwa kujifunza kula kingine. Hiyo ni sheria ya zamani sana.

Maziwa yetu ya mashariki, Tanganyika, Kivu, Edouard na Albert, yanakaa ndani ya bonde moja kubwa lililopasuka. Katika miaka ya 1980, Mfaransa Yves Coppens alifundisha ya kuwa bonde lile liligawa Afrika pande mbili. Upande wa magharibi, yaani kwetu, mvua na pori vilibaki, na sokwe wakabaki juu ya miti. Upande wa mashariki mvua ilipunguka, miti ikaachana, na viumbe wa kule wakapashwa kutembea kwa miguu miwili katika majani. Coppens alikuwa mmoja wa wale waliokuta mifupa ya Lucy kule Ethiopia mwaka 1974, yenye umri wa miaka milioni 3 na zaidi. Kwa hiyo watu wengi walisadiki mafundisho yake.

Lakini mwaka 1995 taya la umri kama ule wa Lucy lilitangazwa kutoka inchi ya Chad, kilometre 2,500 hivi magharibi ya bonde. Na mwaka 2001 kijana wa Chad, Ahounta Djimdoumalbaye, aliona ndani ya mchanga wa jangwa kichwa kinachoitwa Toumaï, chenye umri wa miaka milioni 7 hivi. Wakati wa Toumaï jangwa lile lilikuwa ziwa, na majani, na miti kando ya maji. Mwaka 2003 Coppens mwenyewe alikubali ya kuwa hadithi ya pande mbili haitoshi. Leo wataalamu wengi wanaona hivi: si upande mmoja tu wa Afrika uliomlea mwanadamu. Hewa ilikwenda na kurudi mara mingi, leo ukavu, kesho maji, na wale waliobaki ni wale waliojua kugeuka pamoja nayo. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona mfupa wa kwanza wa kijana aliyeishi miaka milioni 1 na nusu iliyopita. Kijana yule alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miguu ya kwenda mbali chini ya jua. Mwili wake tayari ulikuwa mwili wa msafiri.

Hapa najua baba mmoja ataweka gazeti chini na kuuliza: «Mchungaji, miaka milioni? Na Kitabu cha Mwanzo?» Baba, katika makanisa yetu waamini wanaelewa jambo hili kwa namna mbalimbali, na siwezi kulimaliza ndani ya ukurasa huu. Nasema neno moja tu. Biblia ilitolewa kutufundisha ni nani aliyeumba, na juu ya nini alituumba. Haikutolewa kutuhesabia umri wa mawe. Kijana akionyeshwa mawe kwenye masomo, asikimbie kanisa, wala kanisa lisimkimbie. Na kwa swali letu la leo, Maandiko na mawe vinasema mamoja: watu wote ni ukoo mmoja, na njaa iliwatembeza. Abrahamu alishuka Misri juu ya njaa. Watoto wa Yakobo vilevile.

WAVUVI WA SEMLIKI

Turudi ndani ya inchi yetu. Mahali mto Semliki unatoka Ziwa Edouard, kuna Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale. Alikuta vyusa vya mifupa, ile mikuki yenye meno ya kukamatia samaki, pamoja na mfupa mmoja mdogo wenye mistari iliyokatwa kwa mpango. Umri wake ni yapata miaka 20,000. Wengine wanasema ni wa kuhesabia, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi. Mfupa ule unakaa mpaka leo Bruxelles.

Si mbali na Ishango, kwenye ukingo wa Semliki, ni Katanda. Kule, katika miaka ya 1980, Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walikuta vyusa vya mifupa vya zamani kupita vile, kama miaka 80,000 ao 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa sana. Wanafikiri wavuvi walirudi pale kila mwaka, majira kambare wanapokuja kutaga. Ulaya, vyusa vya namna ile vinaonekana nyuma yake kwa makumi ya maelfu ya miaka. Angalieni wakati wenyewe: ni ndani ya nyakati zile Ziwa Malawi lilishuka na kupanda. Hewa haikuwa ya kuaminika. Lakini watu wa Semliki walijifunza majira ya samaki, wakachonga chombo, wakafundisha watoto wao. Akili ile ilizaliwa katika inchi yetu.

Wakati mvua iliporudi kwa nguvu, hata Sahara ilikuwa na majani na maziwa. Jangwa likawa njia. Ukavu uliporudi, njia ikafungwa. Wataalamu wanaona ya kuwa kwa njia za namna hiyo, watu waliondoka Afrika mara kadhaa, na wale ambao uzao wao umejaza dunia waliondoka yapata miaka 60,000 iliyopita. Mzungu, Mchina na Mhindi ni watoto wa wasafiri waliotoka kwetu. Ukilinganisha damu ya watu wawili wowote, hata Mrega na Mchina, wanafanana sehemu 999 juu ya 1,000.

WALIOTUTANGULIA

Na hapa ndani ya pori, nani alitangulia? Tuseme kweli. Wale wenye haki ya kusema «sisi wa zamani» ni wale tunaowadharau: Wambuti na Batwa. Wataalamu wa damu wanakadiria ya kuwa babu zao na babu zetu wakulima walitengana yapata miaka 60,000 iliyopita. Tena wanaona ya kuwa Wambuti wa mashariki na ndugu zao wa magharibi, kule Kameruni na Gabon, walitengana wao kwa wao yapata miaka 20,000 iliyopita. Hiyo ni karibu na wakati ule pori lilipokatika vipande. Inawezekana kila kikundi kilibaki na kipande chake cha pori, na majani yakawatenga.

Sasa niambieni: kwenye kariere zetu, ni nani anayemsikiliza Mtwa akisema «pori hili ni langu»? Anapewa chumvi na nguo kuukuu, anabebeshwa mzigo, na jina lake linatumiwa kama tusi. Lakini ndiye hasemi kwa mtu «rudi kwenu». Angesema hivyo, sisi wengine wote tungepashwa kufunga mizigo.

Kwa maana sisi wenye lugha za Kibantu ni watu wa kuja. Chukueni neno moja tu, mtu. Kiluba wanasema muntu, Kinyarwanda umuntu, Kiganda omuntu, Kilingala moto. Na kule pwani ya Kameruni, Waduala wanasema moto, sawa na Kilingala. Ndugu wenye kukaa mbali hivyo hawawezi kuwa na neno moja kwa bahati. Wataalamu wa lugha wanaona ya kuwa mama wa lugha hizi zote alisemwa upande wa mpaka wa Kameruni na Nijeria, yapata miaka 4,000 ao 5,000 iliyopita.

Namna gani walipita ndani ya pori kubwa na mashamba yao? Tena hewa. Yapata miaka 2,500 iliyopita kiangazi kikawa kirefu. Pori likafunguka mahali mingi, hasa magharibi. Wengine wanafikiri mashoka ya watu yalisaidia kulifungua. Njia zikapatikana, kwa miguu na kwa mitumbwi, na wakulima wakapita pamoja na vyungu vyao. Mwalimu Mjerumani, Manfred Eggert, tangu mwaka 1977 alisafiri kwa mashua juu ya mito ya Equateur akitafuta vipande vya vyungu. Vile vya zamani kuliko vyote, vinavyoitwa vya Imbonga, vina umri wa miaka 2,400 hivi.

Lakini hata wale hawakukaa bila kusumbuliwa. Mwaka 2021 Dirk Seidensticker na wenzake walikusanya umri wa makaa na vyungu kutoka bonde lote la Kongo. Walikuta ya kuwa kati ya mwaka 400 na 600 nyuma ya Kristo, alama za watu zinapunguka sana. Mvua iliongezeka, na labda magonjwa yalipita. Pori likafunika vijiji. Ni karibu na mwaka 1000 watu wanaonekana tena kwa wingi. Kwa hiyo hata ndani ya miaka 2,000 tu, watu walikuja, wakapunguka, na wengine wakaja.

Wawindaji wetu wanajua alama moja ya jambo hili. Mti wa ngazi unataka jua. Haumei vizuri ndani ya kivuli cha pori zito. Ukikuta ngazi za zamani katikati ya miti mikubwa, wazee wanakuambia: hapa palikuwa kijiji. Majina ya watu wale nani anayajua? Nao pia, siku moja, pengine walisema: pori hili ni letu tangu uumbaji.

BASI, TUJIBU

Jibu langu kwa kijana wetu ni hili. Hakuna kabila lililokuwa Kampene tangu mwanzo, na pori lenyewe halikuwa sikuzote kama tunavyoliona leo. Warega, Wazimba, Wabangubangu, Wakusu, Wabembe, Washi, kila mmoja alifika siku yake. Mmoja alifuata mvua, mwingine alifuata kazi ya kampuni, mwingine alikimbia vita na mtoto mgongoni. Tofauti kati ya mwenyeji na mgeni ni tofauti ya tarehe. Aliyefika jana asidharauliwe na aliyefika juzi.

Mnisikie vizuri. Sisemi ya kuwa shamba la mtu si shamba lake, wala kwamba mgeni aingie shimo la mwingine bila kuomba njia. Wakubwa wa inchi wana kazi yao, na heshima yao ipo. Aliyetangulia anajua njia, anajua miti ya dawa, anajua mahali maji yanajaa kwa ghafula. Mgeni apashwa kumsikiliza. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni njoo, mwenyeji amlaani. Lakini utaratibu wa ardhi ni kitu kimoja, na kumwambia jirani yako ya kuwa yeye si mtu wa hapa, hata akizaliwa hapa, ni kitu kingine. Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyojaza gare ya Likasi.

Tena jambo hili halijaisha. Tangu mwaka 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda sana, na mwaka 2024 maji yaliingia ndani ya nyumba za Uvira na Kalemie. Familia nyingi zilihama na magodoro kichwani. Hawakuwa na kosa. Hewa inageuka tena, na safari hii moshi wa viwanda na kukata pori vinaongeza haraka yake. Ukikutana na mmoja wao hapa Kampene akitafuta chumba, usimuulize kwanza kabila lake. Muulize kama watoto wamekula. Siku moja mto Lualaba ao kiangazi kirefu kinaweza kukuweka wewe njiani, nawe utataka mlango ulio wazi.

Na wewe mchimbaji, ukishuka kesho, angalia ukuta wa shimo lako. Ukiona jiwe lililochongwa, ao makaa ya zamani chini ya udongo wa manjano, usilivunje na kulitupa. Waonyeshe walimu na watoto wa masomo. Mtu fulani alikaa pale akipika chakula chake mbele yako, naye alikuwa ametoka mahali pengine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Baba na mama, waelezeni watoto: babu na bibi zetu walitoka wapi, na ni nini iliwahamisha?

2. Katika kambi yetu ao avenue yetu, ni nani anayeitwa «wa kuja»? Alifika mwaka gani, na anafanya kazi gani kwa faida ya wote?

3. Batwa walio karibu nasi wanaketi wapi kanisani, na wapi kwenye karamu?

4. Vijana, mmeona nini ndani ya udongo, mashimoni ao mashambani, kinachoonyesha ya kuwa watu walikaa pale zamani?

Andikeni majibu yenu na maswali mengine. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mchungaji wenu